Google wanaonyesha tangazo la mbalamwezi badala ya dagaa wangu. Nifanyeje?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nauza dagaa. Nanunua hapa Mwaloni Kirumba, nafungasha pakiti za nusu kilo na kilo, natuma Dodoma, Dar na Mbeya kwa basi. Mwaka jana nilitengenezewa tovuti ya WordPress. Sasa ukitafuta jina la biashara yangu Google, kinachotokea juu ni neno "Home", na chini yake: "Ndugu wateja, ni mbalamwezi, hatupokei oda mpaka giza lirudi." Tangazo hilo naliweka siku chache tu kila mwezi, lakini Google wameling'ang'ania hata wiki hizi ambazo mzigo upo. Wateja wanadhani nimefunga. Fundi ananiambia nimlipe aongee na Google wabadilishe. Je, kuna namna ya kuwaamuru waonyeshe maneno ninayoyataka mimi?

JIBU: Dada yangu, hiyo pesa ya "kuongea na Google" usiitoe. Hakuna dirisha la kulipia ili maneno ya matokeo ya kawaida yabadilishwe, wala hakuna mtu wa kupigiwa simu. Yote mawili yanayokuumiza, "Home" na tangazo la mbalamwezi, yametoka kwenye tovuti yako mwenyewe. Kwa hiyo dawa unayo, na kwa tovuti ya WordPress ni kazi ya mchana mmoja.

Ila kuna neno kwenye swali lako ambalo lazima tulinyooshe kwanza, nalo ni "kuwaamuru". Mwenye tovuti ana nguvu mbili mbele ya injini ya utafutaji, na nguvu hizo hazilingani. Kukataza anaweza: akisema maneno haya yasionyeshwe, hayataonyeshwa. Kulazimisha hawezi: akisema maneno haya ndiyo yaonyeshwe, Google inayapokea kama pendekezo, inayapima na kilichomo ndani ya ukurasa na alichoandika mtafutaji, halafu inaamua yenyewe. Mafundi wengi wanauza ahadi ya nguvu ya pili, ile ambayo hawana, na hawagusi kabisa ile ya kwanza waliyo nayo. Kwako wewe ile ya kwanza ndiyo itakayoleta nafuu mapema.

Kwa wasomaji walio mbali na ziwa niseme kidogo kuhusu hilo tangazo. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na za sola zimeenea. Dagaa hufuata mwanga, wavu unawakuta hapo. Mwezi ukiwa mkubwa, taa ya mvuvi haina nguvu tena juu ya maji, na wavuvi wengi hupumzika mpaka giza lirudi. Kwa hiyo dada yetu hakukosea kuwaambia wateja ukweli. Tangazo ni la haki na liendelee kuwepo. Kosa liko kwenye namna lilivyowekwa.

Tuangalie lilifikaje huko. Roboti ya Google haikai kwenye tovuti yako ikitazama. Inapita, inachukua nakala ya ukurasa, inaondoka, na itarudi siku nyingine kwa ratiba yake. Kwa tovuti ndogo isiyobadilika sana inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa kabla haijarudi. Yako ilipitiwa siku za mbalamwezi. Tangazo lilikuwa juu kabisa, kwenye ule mkanda unaotokea kila ukurasa, na ukurasa wenyewe haukuwa na maelezo yoyote yaliyoandikwa kwa ajili ya injini za utafutaji. WordPress ikiwa peke yake, bila programu-jalizi (plugin, yaani programu ndogo ya kuongezea), haiandiki maelezo hayo. Basi mashine ikatafuta sentensi iliyokamilika yenye kueleza kitu, na kwenye ukurasa uliojaa picha na vitufe vya "Ongeza kwenye kikapu", sentensi iliyokamilika ilikuwa moja tu. Hiyo ya mbalamwezi.

Hapa ndipo nguvu ya kukataza inapoingia. Tangu mwaka 2019 Google inatambua alama iitwayo data-nosnippet. Unazungushia nayo maneno usiyotaka yachukuliwe kwenye maelezo ya matokeo, hivi:

<div data-nosnippet>Ndugu wateja, ni mbalamwezi, hatupokei oda mpaka giza lirudi.</div>

Mteja aliyeingia kwenye tovuti ataliona tangazo kama kawaida. Google nayo italisoma, lakini haitalitumia kama maelezo. Alama hii inakubalika kwenye tagi za div, span na section (tagi ni alama za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti), na kwenye WordPress unaweza kuiweka kwa kutumia bloku ya HTML badala ya bloku ya kawaida ya aya. Ukiiweka mara moja kwenye ule mkanda wa juu, kila mwezi utabadilisha maneno ya ndani tu. Ningeifanya hii kabla ya kitu kingine chochote.

Usiichanganye na ndugu yake aitwaye nosnippet, anayewekwa kwa ukurasa mzima. Huyo anazima maelezo yote, hata yale mazuri uliyoandika mwenyewe, na tokeo lako linabaki kichwa kitupu bila neno chini yake. Kuna pia max-snippet, ambayo unaipa idadi ya herufi usiyotaka ipitwe. Biashara ya dagaa haihitaji hayo mawili. Nayataja kwa sababu nimekuta mafundi wameyaweka baada ya kunakili kodi (code, yaani maandishi ya kiufundi yanayounda ukurasa) ya tovuti nyingine bila kuisoma.

Na kuna kosa kubwa kuliko hayo. Mtu anaona Google inaonyesha maneno mabaya, anakimbilia faili la robots.txt na kuizuia roboti isiingie. Matokeo yake ni kinyume cha alichotaka. Ukurasa uliozuiwa namna hiyo bado unaweza kutokea kwenye matokeo, hasa kama tovuti nyingine zimeuelekezea kiungo, isipokuwa sasa unatokea bila maelezo kwa kuwa Google haikuruhusiwa kuusoma. Zaidi ya hapo, alama zote nilizokueleza juu haziwezi kufanya kazi, maana ziko ndani ya ukurasa ambao roboti imefungiwa nje. Niliwahi kuitwa kuangalia tovuti ya nyumba ya wageni kule Nansio, Ukerewe, ambayo mwenyewe alikuwa amebadilisha maelezo mara nne bila kuona badiliko lolote. Roboti ilikuwa imefungiwa tangu siku za ujenzi wa tovuti na hakuna aliyekumbuka kuifungulia. Yule mama alikuwa amepoteza msimu mzima wa wageni. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, ingia kwenye mipangilio ya WordPress, sehemu ya kusoma, uhakikishe kile kisanduku cha kuomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti hakijawekewa tiki.

Sasa "Home". Hicho ni kichwa cha ukurasa, na chanzo chake kikuu ni tagi ya title iliyo sehemu ya juu ya kodi. Fungua tovuti yako kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U, tafuta neno title. Huenda ukakuta "Home" imekaa hapo, kwa sababu huenda ndilo jina fundi aliloupa ukurasa wa mbele siku ya kwanza na hakurudi kulibadilisha. Maduka mangapi pale mjini yana kibao kilichoandikwa "Mlango"? Hata moja. Lakini mtandaoni tumejaza "Home" na "Mwanzo" kana kwamba mteja anatafuta mlango.

Zamani ungeweza kuamini kwamba ulichoandika kwenye title ndicho kitakachoonekana, ukitoa visa vichache. Agosti 2021 Google ilitangaza mfumo mpya wa kutengeneza vichwa. Siku hizi inaangalia title, inaangalia kichwa kikubwa kinachoonekana kwenye ukurasa, yaani h1, inaangalia og:title nitakayoieleza baadaye, inaangalia hata maneno ambayo watu wametumia kukuwekea kiungo. Wenye tovuti walilalamika sana, na mwezi uliofuata Google ikaeleza kwamba baada ya marekebisho inatumia title ya mwenye tovuti mara 87 katika kila mara 100. Kwa hiyo title bado ndiyo mlango mkubwa. Hizo mara 13 zinazobaki zina sababu zinazojulikana, na nyingi unaweza kuziepuka.

Sababu ya kwanza ni title isiyosema kitu, kama yako. Nyingine ni title moja kubandikwa kurasa zote, ile ya dagaa, ile ya mawasiliano na ile ya bei ya usafiri zote zikaitwa jina moja. Nyingine ni title iliyopitwa na wakati, mtu ameandika "Bei za 2023" na ndani ya ukurasa ni bei za mwaka huu. Na ile inayonikera kuliko zote ni kurundika maneno: "dagaa, dagaa Mwanza, dagaa bei nafuu, dagaa jumla, dagaa wazuri, sangara, sato". Mtu anadhani anaisaidia Google. Kumbe anaipa sababu ya kuitupa title yote na kuandika yake.

Ipo moja inayotugusa hasa sisi tunaoandika Kiswahili. Juni 2022 Google ilieleza kwamba title ikiwa kwa lugha moja na ukurasa kwa lugha nyingine, inaweza kutafuta kichwa kingine kinacholingana na lugha ya ukurasa. Tovuti nyingi za huku zina hali hiyo hiyo: fundi ananunua mwonekano uliotengenezwa tayari kwa Kiingereza, mwenye biashara anajaza Kiswahili ndani, title inabaki ya Kiingereza. Kama wateja wako ni wa Dodoma na Mbeya, title iwe Kiswahili, h1 iwe Kiswahili, na zote mbili ziseme jambo moja. Ushahidi wote ukielekea upande mmoja, mashine haina sababu ya kubuni.

Uandike nini sasa? Anza na maneno ya mnunuzi. Mama wa Dodoma haandiki jina zuri la kampuni uliyoisajili wala jina la kisayansi la samaki. Anaandika "dagaa wa Mwanza". Akiwa ameshaumwa na mzigo wa kuanikwa chini anaongeza "wasio na mchanga". Wewe mwenyewe ukikaa na wateja kwenye simu siku moja utasikia maneno yao, na hayo ndiyo ya kuandika. Mimi ningeweka hivi kwa ukurasa wa mbele:

Dagaa wa Mwanza wasio na mchanga, rejareja na jumla

Ni herufi 51. Google haina kikomo rasmi cha herufi, inakata kulingana na upana wa skrini, kwa hiyo hesabu ya herufi 50 hadi 60 inayozungumzwa ni makadirio tu ya kukuweka salama. Cha muhimu ni kwamba kinachokatwa ni cha mwisho. Lililo zito likae mwanzo. Na hilo la "wasio na mchanga" liandike tu kama kweli dagaa wako wanakauka kwenye vichanja. Nimekisia kwa sababu unauza pakiti. Kama sivyo, lifute.

Utaniuliza jina la biashara liko wapi. Tangu Oktoba 2022 Google imekuwa ikionyesha jina la tovuti peke yake, mstari mdogo juu ya kichwa, pamoja na kinembo chake. Jina hilo linatokana zaidi na ukurasa wa mbele, na namna bora ya kulitaja ni kodi fupi ya data iliyopangwa (structured data, maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mashine) ya aina ya WebSite. Programu-jalizi kama Yoast au Rank Math inaijaza kwako ukishaandika jina kwenye mipangilio yake. Kwa hiyo jina lako litaonekana hata lisipokuwemo kwenye title, na nafasi yote ya title inabaki kwa dagaa.

Tuje kwenye maelezo yenyewe. Ukishaweka mojawapo ya programu-jalizi hizo, kwenye kila ukurasa unaohariri utakuta kisanduku cha maelezo. Kwenye kodi yanatokea hivi:

<meta name="description" content="Dagaa wa Ziwa Victoria waliokaushwa kwenye vichanja, hawana mchanga. Pakiti za nusu kilo na kilo kutoka Kirumba, Mwanza. Tunatuma mikoani kwa basi.">

Soma tena maneno hayo kama mteja. Kitu gani, kikoje, kinauzwa kwa kipimo gani, kinatoka wapi, kinanifikiaje. Hakuna "karibu kwenye tovuti yetu" wala "tunaongoza kwa ubora". Maelezo haya hayakupandishi nafasi kwenye orodha, na anayekuambia yanapandisha anakudanganya. Kazi yake ni kumfanya aliyekwishakuona akubonyeze wewe na si jirani.

Urefu nao umewahi kuyumba. Desemba 2017 Google ilirefusha maelezo mpaka yakakaribia herufi 320, watu wakakesha kuyaandika upya, na Mei 2018 ikayarudisha kuwa mafupi. Tangu hapo nawashauri watu waandike sentensi mbili tatu fupi, ya kwanza ikiweza kusimama peke yake hata zilizobaki zikikatwa. Angalia pia alama za nukuu. Kama unaandika kodi kwa mkono na ukaweka nukuu mbili ndani ya maelezo, maelezo yataishia hapo hapo. Bei usiiweke, maana bei ya dagaa unaijua wewe: inapanda na mwezi, inapanda na mvua ikizuia kuanika. Google ikishika bei ya wiki ya giza, utagombana na wateja wiki nzima ya mbalamwezi.

Hata baada ya hayo yote, kuna siku utaona Google imeacha maelezo yako na kuchukua sentensi nyingine ya ukurasani. Hapo usikasirike haraka. Maelezo yanatengenezwa kulingana na swali. Aliyeandika "dagaa jumla Mwanza gunia" anaweza kuonyeshwa aya yako inayotaja gunia, na kwa kweli hiyo inamfaa kuliko maelezo yako ya jumla. Ndiyo maana nakusisitiza uandike ukurasani aya chache za maana kwa Kiswahili safi: dagaa wanatoka mwalo gani, wanaanikwa vipi, pakiti ina uzito gani, basi linachukua siku ngapi kufika. Sasa hivi ukurasa wako ni picha na vitufe. Picha ni nzuri kwa macho, lakini haziipi mashine sentensi ya kuchukua.

Fundi wako nisingemhukumu kwa jambo moja, lakini mpime kwa maswali mawili. Je, amekujazia tagi ya keywords? Google ilisema wazi mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Je, kwenye kodi kuna neno noodp? Hilo lilikuwa na maana enzi ambapo Google ilikuwa ikichukua vichwa na maelezo kutoka orodha ya tovuti iitwayo DMOZ, na alama hiyo ikaletwa mwaka 2006 ili kuikatalia. DMOZ ilifungwa Machi 2017. Anayeendelea kuyaweka hayo leo amejifunza kazi kwa kunakili, na itabidi umwandikie kila kitu unachotaka.

Ukishabadilisha, Google haitajua mpaka irudi. Ili kuiita, fungua Google Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ambayo ni bure, thibitisha kwamba tovuti ni yako, bandika anuani ya ukurasa kwenye sehemu ya ukaguzi juu kabisa, kisha omba iorodheshwe upya. Mara moja inatosha, kubonyeza mara kumi hakuongezi kasi. Humo humo kuna zana ya uondoaji, na ina sehemu ya kufuta nakala ya zamani inayoliondoa lile tangazo kwenye maelezo mpaka roboti ipite tena. Ukiamua kuitumia, soma mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa sababu chaguo lililo jirani yake linaficha ukurasa mzima kwa takriban miezi 6.

Bado kuna WhatsApp, na nahisi oda zako nyingi zinatokea huko. Unapotuma kiungo kwenye kikundi, kichwa, maneno na picha vinavyotokea havitoki Google. Vinasomwa kutoka tagi za og:title, og:description na og:image, utaratibu ulioanzishwa na Facebook mwaka 2010. Yoast na Rank Math zina sehemu ya kuzijaza. Weka picha ya pakiti yako halisi, na og:title iseme sawasawa na title, maana Google nayo huitazama.

Kama jina lako linatokea pia pembeni na ramani, nyota na namba ya simu, hilo ni jambo jingine kabisa. Linabadilishwa kwenye wasifu wa biashara wa Google, na tovuti haihusiki.

Fanya kwa mpangilio huu: tangazo lizungushiwe data-nosnippet leo, title na h1 leo, maelezo ya ukurasa wa mbele leo, kurasa nyingine wiki hii. Halafu ngoja. Baada ya wiki mbili tafuta kwenye simu ya mtu mwingine, siyo yako. Kama bado unaona mbalamwezi, niandikie tena. Nitumie anuani ya ukurasa, maneno kamili uliyotafuta, na picha ya skrini ya kilichotokea, nami nitaifungua kodi niitazame.